Posho ya Liwali

Ndugu wenzetu, mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu umekaribia, na kama ilivyo desturi siku za uchaguzi zinapokaribia, maneno ni mengi. Barazani, njiani tutokapo kazini, hata ndani ya masijala ambamo yatupasa kuwa kimya, watu waulizana nani atakuwa Mwenyekiti, nani Katibu, na nani atakabidhiwa ufunguo wa sanduku. Hayo si mabaya. Chama ambacho wanachama wake hawaulizi neno ni chama kilichokufa. Walakini tumesikia na jambo jingine, nalo ndilo lililotushikisha kalamu. Yasemekana wako wenzetu watakaoleta mkutanoni shauri la kwamba wenye vyeo wapewe posho katika fedha za chama kila wakutanapo, tena wawe na haki ya kukopa sandukuni mbele ya wanachama wengine. Shauri lenyewe limevikwa maneno mazuri. Husemwa kwamba mtu anayewatumikia wenzake hupoteza wakati wake na nguvu zake, na kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.

Hatutaki kumtaja mtu wala kumtia mtu aibu. Twataka kulipima shauri hilo kwa kumtazama mtumishi mmoja wa serikali aliyepata cheo kikubwa kuliko chochote tutakachogombea sisi mkutanoni, akakuta posho imekwisha kuwekwa kwa desturi ya waliomtangulia, akaikataa. Mtu huyo ni Nehemia. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulifundishwa habari zake tungali wadogo, lakini tulifundishwa ukuta tu. Hata leo wahubiri hupenda kumtaja wakati kanisa jipya linapojengwa na sadaka zinapotakiwa. Wakifika sura ya tano ya kitabu chake husoma upesi upesi, maana sura hiyo haina ukuta ndani yake, ina madeni.

Nehemia hakuwa nabii, wala kuhani, wala mwana wa mfalme. Alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, katika ngome ya Shushani, ambayo magofu yake yako hata leo katika nchi ya Irani. Kazi ya mnyweshaji ilikuwa kumpa mfalme divai mkononi, nayo ilikuwa kazi ya mtu wa kuaminiwa sana, maana aliyetaka kumwua mfalme angeanzia katika kikombe. Alikuwa Myahudi, mtu wa taifa lililotawaliwa, naye alikula mshahara wa dola ya kigeni. Katika mwaka wa 20 wa kutawala kwake Artashasta, ambao wataalamu wengi wauhesabu kuwa mwaka 445 kabla ya kuzaliwa Kristo, alifika Hanani nduguye na watu wengine kutoka Yuda, wakampa habari ya kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka, malango yake yameteketezwa kwa moto, na watu waliosalia kule wako katika dhiki na aibu.

Jambo la kwanza linalotushangaza kwake ni kukawia. Habari zile zilimfikia katika mwezi wa Kisleu, naye hakusema neno mbele ya mfalme mpaka mwezi wa Nisani, yaani kadiri ya miezi minne. Muda huo alilia, akafunga, akaomba, na katika maombi yake aliungama makosa ya watu wake akijihesabu yeye na jamaa ya baba yake kuwa miongoni mwa wakosaji. Wakati huo huo aliendelea kushika kikombe kama kawaida. Basi siku mfalme alipomwona amekunja uso akamwuliza kisa chake, Nehemia alikuwa na majibu tayari. Alijua muda atakaokuwa safarini. Alijua kwamba atahitaji barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampitishe. Alijua kwamba miti ya kujengea malango itatoka katika msitu wa mfalme, na kwamba mtunza msitu anaitwa Asafu. Mtu aliyekuwa akilia tu asingelijua jina la mtunza msitu.

Hapo twaona jinsi kumcha Mungu na kuijua kazi vilivyokaa katika mtu mmoja bila kugombana. Kitabu chasema kwamba baina ya swali la mfalme na jibu lake Nehemia alimwomba Mungu wa mbinguni. Sala hiyo haikuweza kuwa ndefu, kwa kuwa mfalme alikuwa akingoja. Nayo ilimfaa kwa sababu nyuma yake kulikuwa na sala za miezi minne. Sisi, kwa bahati mbaya, mara nyingi hufanya kinyume. Husikia neno baya asubuhi, na jioni tumekwisha kuitisha kikao, tumekwisha kuandika barua kali kwa wakubwa, na tukiulizwa ni watumishi wangapi waliodhulumiwa, na tangu tarehe gani, twatazamana. Tumeshika nafasi katika kamati kwa miaka kadhaa, na twakiri kwamba barua zetu nyingi zilizokataliwa zilistahili kukataliwa. Hazikuwa na hesabu ndani yake.

Alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu. Kisha akatoka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda yeye, akazunguka kuutazama ukuta kwa macho yake. Mahali pamoja kifusi kilikuwa kingi hata mnyama asipate njia ya kupita. Hakumwambia mtu lililomo moyoni mwake, wala wakuu, wala makuhani. Twaomba wenzetu walio wakubwa wa idara ndogo, wenye vijana wawili watatu chini yao, walitafakari jambo hilo. Ni rahisi kuketi mezani na kuagiza taarifa iletwe. Liwali huyu alikuwa na askari na wapanda farasi waliokuja naye kutoka kwa mfalme, na angaliweza kuwatuma. Akaenda mwenyewe, usiku, pasipo mtu wa kumsifu. Asubuhi aliposema na watu, aliyataja yale mabaya kuwa ni yao wote, yeye akiwa mmoja wao, ijapokuwa alikuwa mgeni wa siku tatu na nyumba yake ilikuwa Shushani.

Kuhusu kujenga kwenyewe hatutasema mengi. Ukuta ulimalizika kwa siku 52, tarehe 25 ya mwezi wa Elul. Sura ya tatu ni orodha ndefu ya majina, na wengi wetu huiruka. Lakini karani anayependa orodha ataona ndani yake mambo ya kumfurahisha. Ataona wafua dhahabu na watengeneza manukato wakibeba mawe. Ataona mkuu mmoja akijenga pamoja na binti zake. Ataona mara nyingi kwamba fulani alijenga mahali paelekeapo nyumba yake mwenyewe, kwa hiyo kila mtu alikuwa na sababu ya kutotaka sehemu yake iwe mbovu. Na ataona kwamba watu wa Tekoa walijenga, lakini wakubwa wao hawakukubali kuinamisha shingo. Majina ya wakubwa wale hayakuandikwa. Aliyeandika orodha ile alijua kazi yake.

Sasa tuje kwenye sura ya tano. Ukuta ulikuwa haujaisha, maadui walikuwa nje, wafanyakazi walishika silaha mkono mmoja na kazi mkono mwingine. Wakati huo huo kilio kikatoka ndani. Watu maskini na wake zao walikuja kuwalalamikia ndugu zao Wayahudi. Wengine waliweka rehani mashamba yao, mizabibu yao na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine walikopa fedha ili walipe kodi ya mfalme. Wengine walikuwa wamekwisha kuwatoa watoto wao kuwa watumwa, wala hawakuwa na uwezo wa kuwakomboa, maana mashamba yalikwisha kuwa ya watu wengine. Nao waliowakopesha walikuwa ndugu zao, wakuu na mashehe, ambao bila shaka mchana walionekana ukutani wakihimiza umoja.

Nehemia alikasirika sana, lakini kabla ya kusema alifanya shauri na moyo wake. Kisha aliwakemea wakuu, akaitisha mkutano mkubwa. Aliwaambia kwamba Wayahudi waliouzwa kwa mataifa walikombolewa kwa gharama kubwa, na sasa wao wenyewe wawauza ndugu zao. Hakuna aliyeweza kujibu. Ndipo akasema neno ambalo twaliona kuwa zito kuliko yote katika kitabu hiki. Alisema kwamba yeye naye, na ndugu zake, na watumishi wake, wamewakopesha watu fedha na nafaka. Wafasiri wabishana kama yeye pia alitoza riba au alikopesha tu. Kwetu yatosha kwamba alipoitisha mkutano wa kuwahukumu wakopeshaji alijitia katika hesabu mbele ya wote, akawataka waiache riba hiyo wote pamoja. Tena hakuridhika na kuiacha kwa siku zijazo. Aliwataka warudishe siku ile ile mashamba na nyumba, na ile sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakiitoza. Wakakubali, naye, kwa kuwa alijua jinsi watu wanavyokubali mkutanoni, aliwaita makuhani akawaapisha.

Tuitazame hiyo sehemu ya mia. Wengi huielewa kuwa ni riba ya kila mwezi, yaani moja kwa mia kwa mwezi, 12 kwa mia kwa mwaka. Kwa riba hiyo liwali alikasirika, na mji mzima ukakutanishwa. Katika ofisi nyingi tulizopata kufanya kazi, desturi ya wakopeshaji ni shilingi nne kurudi tano mwisho wa mwezi. Hiyo ni 25 kwa mia kwa mwezi. Mtu akishindwa kulipa mtaji, akawa analipa ziada tu, mwaka ukiisha atakuwa amelipa mara tatu ya alichokopa, na deni lake bado liko pale pale.

Na hapa hatuna budi kusema habari zetu wenyewe. Miaka michache iliyopita sisi tunaoandika maneno haya tulikuwa Katibu wa tawi katika mji mmoja wa bara. Mshahara wetu haukuwa mkubwa, lakini hatukuwa na watoto wa kulipiwa shule, na kila mwezi tulibakiwa na akiba kidogo. Wenzetu walioishiwa katikati ya mwezi walitujia, nasi tukawakopesha kwa desturi ya mahali pale. Hatukuiita riba. Tuliiita shukrani. Mkopaji alisema, "Nitarudisha pamoja na shukrani," na sote tulijua kiasi chake.

Miongoni mwao alikuwamo tarishi mmoja, mtu mzima kuliko sisi, ambaye tulimwita Mzee na kumwamkia shikamoo, huku jina lake limo katika daftari dogo mfukoni mwetu. Alikopa kwa ajili ya maziko ya mama yake. Hakuweza kulipa mtaji, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi alileta shukrani peke yake. Hivyo ikapita miezi minane. Jumapili moja alasiri tulisimama katika mkutano wa tawi tukatoa hotuba juu ya umoja wa watumishi, tukasema kwamba sisi sote ni ndugu, mkubwa na mdogo, na kwamba nguvu zetu ni kubebana. Ilikuwa hotuba nzuri. Tuliiandaa juma zima. Yule mzee alikaa katika benchi la nyuma, akapiga makofi kama wengine. Watu walipotawanyika alitungoja mlangoni, akavua kofia, akatuuliza kwa adabu kama shukrani ya mwezi ule ingeweza kungoja mwezi ujao, kwa kuwa mkewe alikuwa mgonjwa.

Tulimkubalia, na njiani tukajiona kuwa watu wema. Usiku tukafungua daftari ili kuandika badiliko lile, na kwa mazoea ya kazi tukajumlisha safu. Alikuwa amekwisha kulipa mara mbili ya fedha alizokopa, naye alikuwa bado anadaiwa zote. Kesho yake tulimwita, tukamwambia kwamba deni limekwisha. Alitushukuru hata tukaona haya. Lakini yale aliyolipa kupita kiasi hatukuyarudisha. Tulijiambia kwamba yamekwisha kutumika, na kwamba kufuta deni ni wema wa kutosha. Tulikuwa tumeisoma sura ya tano mara nyingi, wala hatukuona kwamba Nehemia hakuwauliza wakuu wale kama mali imekwisha kutumika.

Tumeeleza hayo kwa sababu twaona kwamba lile shauri la posho na ile desturi ya shukrani ni mti mmoja wenye matawi mawili. Mtu akizoea kuona shida ya mwenzake kuwa ni mlango wa faida, hataacha mazoea hayo nje atakapoingia katika kamati. Na mtu aliyepewa haki ya kukopa kwanza katika sanduku la wote, kisha akazikopesha fedha hizo kwa ziada kwa wale wale waliozichanga, atakuwa amekula mara mbili katika sahani moja. Msiseme kwamba haiwezekani. Mahali pamoja tulipata kuiona.

Basi, Nehemia alifanyaje na posho yake? Maliwali waliomtangulia walitwaa kwa watu chakula na divai, na zaidi ya hayo shekeli 40 za fedha, na hata watumishi wao walijifanya mabwana juu ya watu. Yeye alikuwa liwali miaka 12, tangu mwaka wa 20 hata mwaka wa 32 wa Artashasta, na muda huo wote yeye na ndugu zake hawakuila posho ya liwali. Hakusema kwamba posho ni haramu, wala hakuwaita wenziwe wezi. Alitoa sababu mbili tu: kwamba alimcha Mungu, na kwamba mzigo wa watu ulikuwa mzito. Hakununua shamba, ingawa wakati ule mashamba yalikuwa yakiuzwa kwa bei ya njaa. Na mezani pake waliketi watu 150 kila siku, mbali na wageni. Ng'ombe mmoja, kondoo sita wazuri, na kuku.

Hapa twawasikia wenzetu wakitujibu, na jibu lao lina haki. Watasema kwamba Nehemia alikuwa tajiri, mtu wa nyumba ya mfalme, aliyeweza kuchinja ng'ombe kila siku kwa mali yake. Karani mwenye mshahara mdogo atawezaje kuwa Katibu kwa gharama zake mwenyewe? Tukiwanyima wenye vyeo kila kitu, vyeo vitashikwa na wenye nacho peke yao. Jambo hilo ni kweli, nasi twalikubali. Nauli ya mtu aliyetumwa na chama ilipwe na chama. Karatasi, wino na stampu zilipwe. Akilala ugenini kwa kazi ya chama, chakula chake kilipwe, naye alete stakabadhi. Hayo ni kurudishiwa alichotumia. Lakini kulipwa kwa sababu ya kuketi kitini, na kuwa wa kwanza sandukuni kwa sababu ufunguo uko karibu, ni jambo la namna nyingine. Mwanachama anayeleta ada yake mwisho wa mwezi, naye mkewe amwuliza fedha za unga, ndiye atakayeilipa posho hiyo. Twamwomba kila atakayesimama kuliunga mkono shauri hili amtazame mtu huyo usoni kwanza, kama tulivyotazamwa sisi pale mlangoni.

Hatusemi kwamba Nehemia hakuwa na makosa. Mwisho wa kitabu chake twamwona akiwapiga watu na kuwang'oa nywele kwa hasira, na sisi hatutaki Mwenyekiti wa namna hiyo. Lakini katika sura hiyo hiyo ya mwisho limo jambo ambalo makarani hawana budi kulisoma. Baada ya miaka ile 12 alirudi kwa mfalme. Alipopata ruhusa ya kuja tena Yerusalemu, alikuta mambo yameharibika. Yule Tobia, aliyekuwa adui wa kazi tangu mwanzo, alikuwa amepewa chumba kikubwa katika nyumba ya Mungu, chumba kilichokuwa ghala ya zaka. Walawi hawakupewa haki zao, wakaenda mashambani kutafuta riziki. Yaani wema wa mtu mmoja ulikuwa umetosha kwa muda aliokuwapo tu.

Nehemia alivitupa nje vyombo vya Tobia, akaamuru vyumba visafishwe. Kisha, na hili ndilo tunalolipenda, hakusema kwamba sasa atazilinda ghala yeye mwenyewe. Aliweka watunza hazina: Shelemia kuhani, na Sadoki mwandishi, na Pedaya wa Walawi, na wa kumsaidia wao Hanani mwana wa Zakuri. Watu wanne, wa namna mbalimbali, na mmoja wao karani. Sababu ya kuwachagua imeandikwa: walihesabiwa kuwa waaminifu. Haikusemwa kwamba walikuwa wasemaji wazuri, wala wenye elimu kuliko wengine, wala watu wa kabila fulani. Twasema haya kwa sababu katika uchaguzi wetu uliopita tulisikia sana habari za ufasaha na habari za kabila, na habari za daftari hatukuzisikia.

Huenda ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi katika chama hiki, wakauliza kwa nini twawaletea kitabu chetu. Hatukukusudia kumhubiria mtu. Sisi tumeandika kwa imani tuliyolelewa nayo kwa kuwa ndiyo tuijuayo. Tena katika jambo la riba ndugu hao wametutangulia: kwao imekatazwa waziwazi, na tumewajua kadhaa waliokopesha wenzao bila kuongeza hata senti moja wakati sisi Wakristo wa benchi la mbele tulipokuwa tukikusanya shukrani. Chama cha watumishi wa serikali Waafrika cha Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na mwanzilishi wake, Martin Kayamba, alikuwa karani, mtu wa misheni aliyesoma Kiungani, Unguja. Mwaka 1931 alikwenda London kuwa mmoja wa mashahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyotazama shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Ukristo wake haukufichika, walakini chama kile kiliwapokea Wakristo na Waislamu pamoja. Nasi twapenda iwe vivyo hivyo kwetu.

Kwa hiyo, katika mkutano mkuu tutaleta maneno matatu, na twaomba mwenye kutuunga mkono ajiandae. La kwanza, shauri la posho likataliwe, na mahali pake iandikwe kanuni ya kurudishiwa gharama kwa stakabadhi. La pili, sanduku liwe mikononi mwa watu wanne, wala pasiwe na wawili wa idara moja, na hesabu isomwe mbele ya wanachama kila mwezi badala ya mara moja kwa mwaka. La tatu, kila atakayesimama kugombea cheo aulizwe hadharani kama anamdai mwanachama yeyote ziada juu ya mkopo, na kama anadai, aifute kabla kura hazijapigwa. Neno hili la tatu limechekwa na rafiki yetu mmoja, aliyesema kwamba kwa kanuni hiyo hatutapata wagombea. Yamkini. Tutangoja tuone.

Nasi tutakuja na lile daftari dogo, ili atakaye alitazame. Yule mzee amestaafu, yuko kwao. Fedha alizotulipa kupita kiasi tumempelekea juma lililopita, pamoja na barua, wala jibu lake bado hatujalipata.